Koki Anahama

Benchi la muuza kahawa ni ubao uliolazwa juu ya madebe mawili ya rangi, mkabala na zahanati. Asubuhi ile pembeni yake palisimama mkokoteni wa mbeba mizigo Tairi, umepakiwa godoro, masufuria, kabati lililokosa mlango mmoja, na juu kabisa mfuko wa spana uliofungwa kamba. Mali ya Koki hiyo, fundi bomba wa mtaa. Anahama. Anakwenda kule lami inakoishia, na yeye ndiye wa mwisho. Wenzake wote wa benchi walishahama zamani, siku hizi wanakuja mtaani kufanya kazi tu, na kupiga soga. Koki alikuwa ameapa kunywa kikombe kimoja aondoke kabla huzuni haijamharibu sura. Wapi! Alikuwa kwenye cha tatu.

— Ndiyo unatuacha hivi hivi? aliuliza Sindano, muuguzi wa zahanati, katoka zamu macho mekundu.

— Siwaachi, dada yangu. Nimeshindwa kodi.

— Yule mama mwenye nyumba hana utu! alisema Tairi.

— Anao, msimseme. Mjane yule, mguu unamtesa, na dawa zake ghali. Kosa ni langu. Maji mle chumbani aliingiza nani?

Wote walijua, maana walikuwepo. Mke wa Koki alikuwa na mimba ya kwanza, na Koki hakutaka kumwona na ndoo kichwani. Akanunua mabomba kwa jasho lake, Tairi akachimba mtaro, Mzee Fagio, mfagiaji wa barabara, akashika taa. Maji yalipotoka, mama mwenye nyumba alipiga vigelegele kuliko wote. Baadaye ndipo akagundua kwamba ana chumba chenye maji ndani. Kodi ikapanda, ikapanda tena, mpaka mwenye maji yake akashindwa kuyalipia. Hata mpangaji mpya Koki alipishana naye mlangoni asubuhi ile ile, yeye anatoa godoro, mwenzake anaingiza mashine ya kufulia.

— Serikali ijenge maghorofa, alisema Tairi. Wanaofanya kazi hapa wapewe kwanza.

— Si lile pale? Mabomba yake nimefunga mimi, chini mpaka juu. Nilipokwenda kuulizia chumba, mlinzi akaniambia mafundi wanapita mlango wa nyuma.

— Basi kila mtu alale kazini kwake! alisema Mzee Fagio. Sindano alale wodini, vitanda si vipo?

— Vitanda gani, mzee wangu? Wagonjwa wenyewe wanabanana wawili wawili! Na wewe utalala jalalani?

— Mimi nitalala barabarani. Barabara yangu safi kuliko chumba chako.

Wakacheka, Koki naye akacheka, kahawa ikamwagikia shati. Mzee Fagio akaona mambo yamemnyookea, akavuta kofia nyuma.

— Sikilizeni. Huu mtaa tumeupendezesha wenyewe, ndiyo maana umetushinda. Dawa ni kuuharibu! Mimi nisifagie. Tairi achimbe mashimo. Sindano achome watu sindano butu. Koki aache mabomba yavuje. Mwezi tu, wenye pesa wamekimbia, kodi imelala chini, sisi hao tunarudi!

— Ebo! Mzee, umerogwa? alisema Sindano. Haya, anza wewe.

Mzee Fagio akatazama barabara yake. Karatasi ilikuwa inapeperuka. Akainuka, akaiokota, akaitia mfukoni, akarudi kukaa.

— Mimi mkono unaniwasha, alisema kwa aibu.

— Na mimi bomba likivuja sipati usingizi, alisema Koki.

Sindano hakucheka tena. Aligeuza kikombe mkononi.

— Wifi karibu atajifungua tena. Kwa yule wa kwanza alikuja hapa zahanati kwa miguu yake, mtoto nikampokea mimi. Huko mnakokwenda, uchungu ukimshika usiku, atakwenda wapi?

Mke wa Koki alikuwa ametangulia kwenda kufagia chumba kipya, na swali hilo hilo alikuwa amemuuliza jana. Koki moyo ulimuuma. Akatikisa kikombe, kitupu. Muuza kahawa akainamisha birika, likatoa mashapo.

Ndipo akatokea mwanamke anakimbia, kanga imelowa mpaka magotini, povu mikononi. Koki alimtambua. Yule wa mashine ya kufulia.

— Samahani jamani! Bomba limechomoka ukutani, maji chumba kizima! Mimi mgeni hapa. Fundi bomba anayekaa karibu ni nani? Nimjue kabisa, hata usiku nimgongee.

Tairi alishika mpini wa mkokoteni, kisha akauachia. Mzee Fagio aliangalia viatu vyake. Sindano alimwangalia Koki, na macho yake yalijaa machozi.

Koki alisimama, akafungua kamba, akashusha mfuko wa spana kutoka juu ya godoro.

— Twende, dada. Koki kubwa ya kufungia maji iko nyuma ya mlango, chini, niliificha mwenyewe watoto wasiichezee. Kwa sasa hivi nipo. Hiyo ya usiku usiniulize.