Mbuzi wa Naomi Alikuwa Mfukoni Mwangu

Bwana asifiwe! Asifiwe na walioketi mbele, asifiwe na ninyi wa nyuma mnaonyoosha shingo kuona ni nani amesimama. Ni mimi, Baba Naomi, fundi simu wa Levolosi. Wengi hamnijui kwa sura, maana mimi ni mtu wa kukaa ndani. Mke wangu husema hata kivuli changu kina uvivu wa kuvuka kizingiti. Leo nimetoka.

Ndugu zangu, wengine husimama hapa wakashuhudia kufunguliwa kutoka kwenye pombe. Wengine sigara, wengine wanawake. Mimi nilifungwa na visu vya kukunja. Chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa hapo mlipo.

Ilianza kidogo. Nilinunua kisu sokoni Kwa Mrombo, kimepangwa chini kwenye turubai kati ya soli za viatu na mitego ya panya. Kilimenya machungwa, kikachuna nyaya, kikanisafishia kucha. Miaka miwili sikuwa na neno nacho. Kisha jirani yangu Lomnyaki, mpagazi wa watalii mlimani, akaniletea kisu alichopewa na mgeni wake walipomaliza kushuka.

"Fundi, kishike tu," akasema. "Kushika ni bure."

Uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kuambiwa! Nilikifungua kwa dole gumba, kikalia tak, na mwili ukanisisimka kama mtu aliyeitwa jina lake.

Tangu siku ile kisu cha Kwa Mrombo kikaninukia vibaya. Lomnyaki akishuka mlimani, mimi namngoja mlangoni kwake na pesa mkononi kabla mkewe hajamwona. Ladha yangu ikapanda. Kwanza nilitaka tu ubapa usioshika kutu. Baadaye nikataka chuma cha aina moja, na kingine sikigusi. Mimi niliyepata sifuri ya kemia kidato cha nne nikawa nawaeleza watu habari za kaboni! Nilikuwa na kisu cha kukatia kamba kwenye dhoruba ya theluji, na Mlima Meru wenyewe nauonea kwenye dirisha la choo, tena siku mawingu yameondoka.

Na sikuwa nakata kitu. Hilo ndilo la kulia. Visu kumi na kimoja nimevifunga kwenye flana, huku Mama Naomi anakata mchicha kwa kisu butu, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Siku moja akaniomba.

"Baba Naomi, niazime kimoja nikate kitunguu."

"Kitunguu kina asidi," nikamjibu.

Akanitazama. "Na mimi je, unadhani sina?"

Sasa nafika mahali pagumu. Niombeeni nisikwepe. Mama yangu mzazi anaishi juu kwenye migomba na kahawa. Naomi, binti yetu, alipoanza mafundisho ya kipaimara, mama alimtengea mbuzi awe ndafu siku yake. Akamhasi, akamkata ncha ya sikio la kushoto kama alama, akamlisha maganda ya ndizi kwa mkono wake. Kila likizo Naomi alipanda kumlisha. Mnajua wenyewe ndafu kwetu ni nini. Mtoto akiona mbuzi mzima ameletwa mezani, amechomwa, ana majani mdomoni, anajua kwamba ukoo ulikuwa unamngoja.

Wiki ya sherehe nikatumwa kumshusha. Wiki hiyohiyo Lomnyaki akashuka na kisu chenye mpini wa mpingo. Mpingo, mti wetu wenyewe, umekwenda ng'ambo ukarudi na jeuri! Bei yake sikuwa nayo. Nikamshusha yule mbuzi, nikapita karibu na nyumbani bila kusimama, nikaenda naye mpaka sokoni Kwa Mrombo. Nikamuuza. Nikanunua mwingine mwembamba, nikampeleka kwa fundi wa ndafu, nikajiambia: mbuzi akishachomwa ni mbuzi, nani atamjua?

Sherehe ilikuwa uani kwa shemeji yangu, kule Njiro, kwa sababu kwetu Levolosi hata kuku akinyoosha bawa anagonga ukuta wa jirani. Vigelegele vikapigwa, ndafu akaletwa, mshereheshaji akaniita mimi baba nikate kipande cha kwanza. Mama yangu akanyanyuka. Akamzunguka yule mbuzi polepole, kama anayeaga maiti.

"Huyu si wangu."

"Ni moto, mama," nikasema. "Moto umempunguza."

Akashika sikio la kushoto, zima kabisa, akaliinua watu waone. "Moto gani huu, Elia, unaootesha sikio?"

Watu wakacheka mpaka mshereheshaji akaangusha kipaza sauti. Naomi hakucheka. Alikuwa kwenye gauni lake jeupe. Akaniuliza taratibu, "Baba, mbuzi wangu yuko wapi?"

Ndugu zangu, alikuwa mfukoni mwangu. Amekunjwa.

Nikakata ile nyama kwa kisu cha kuazima, maana hata pale, hata pale! niliogopa mafuta yasiingie kwenye bawaba ya kile changu.

Baada ya siku ile Naomi hakunikosea adabu hata mara moja. Laiti angenikosea! Asubuhi: "Shikamoo, Baba." Marahaba. Basi, imetoka hiyo, mpaka kesho yake. Mtoto aliyekuwa ananisimulia hata ndoto zake. Mama yake akasema, "Usimlazimishe. Anakusalimia kwa sababu yangu."

Nikafunga na kuomba. Nikauza visu vitatu, nikarudi na kimoja kizuri kuliko vyote vitatu. Nikavizika kwenye gunia la mkaa, kisha nikavifukua nikavipangusa, uso mweusi kama mwizi wa jikoni. Nilifika mahali nikaona heri Naomi angekuwa na baba mlevi, maana mlevi angalau kuna saa pombe inamtoka. Mimi nilikuwa mzima kabisa, na sikuweza.

Siku moja nikavifunga vyote, nikapanda kwa mama. Sijui ni nani aliyenisukuma; au tuseme namjua. Nilimkuta akikatakata mgomba wa kulisha mifugo. Nikapiga magoti palepale kwenye samadi, nikasema yote. Mama hakulia. Akafungua flana.

"Kipi ndicho mbuzi?"

Nikamwonyesha. Akakifungua kwa mikono miwili, akaanza kukata nacho mgomba. Utomvu ukatiririka kwenye ubapa, kwenye bawaba, kwenye ule mpingo. Mnaujua utomvu wa mgomba: ukishashika, umeshashika. Nililia kwa sauti kama mtoto aliyenyang'anywa. Yeye anaendelea kukata.

"Kinakata," akasema. "Lakini panga lina haraka zaidi."

Hapohapo katikati ya kilio nikajikuta nimecheka, na kitu kikaniachia. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Bwana asifiwe!

Visu nikamwachia. Nikamuuliza, "Naomi nitamwambiaje?"

"Kwangu umeshasema," akajibu. "Yeye aibu yake aliipata mbele za watu. Kaseme mbele za watu."

Ndiyo maana nimetoka ndani. Sitawadanganya kwamba nimepona kabisa. Juzi Lomnyaki alishuka mlimani, nikageukia ukuta mpaka akapita. Namshukuru Mungu kwa ule ukuta! Namshukuru kwa mama yangu, na kwa mke aliyenivumilia na kitunguu chake. Nawe uliye na flana yako, kitu chochote unachokitazama kuliko unavyomtazama mwanao, mkabidhi Bwana leo. Mtumaini Yeye wakati mtoto bado anakuuliza swali. Maswali yakiisha, inabaki shikamoo.

Naomi, mwanangu, najua uko hapo na wanakwaya. Usiinue uso kama hutaki. Uliniuliza mbuzi wako yuko wapi. Nilimuuza mimi, baba yako, nikanunua kisu. Haukuwa moto. Wewe, ukoo ulikuwa unakungoja kweli. Niliyekutupa ni mimi.

Ndugu zangu, msiniitikie amina. Mwachieni yeye, siku atakayoweza.