Kitako cha Meka

Katika taksi-bus ya kwenda Bel-Air, Mama Martine, muuza unga, aliitazama meka, kopo la kupimia unga, mapajani mwa Zéphirin, mwalimu wa shule ya masista. Kitako cha kopo kilibonyezwa ndani ili lipime pungufu, kwa ufundi ambao Martine aliujua vizuri mno.

"Kesho banafunzi batapima bunga na hii, kisha na ile ya haki," mwalimu alieleza. "Batajifunza biashara safi na mikono yabo."

"Papa, fundisha na kitabu. Hii meka njo inalipaka feza ya masomo ya batoto."

"Kitabu haina bunga, mama."

"Na mutoto akijua iko ya mama yake?"

Mwalimu aliigeuza meka, akakitazama kitako.

Gari liliposimama, Martine alishuka, kisha akarudi dirishani.

"Mwalimu, Syntiche wa kalasi yako iko mutoto wangu. Kesho usimuite mbele."