Kitufe cha Mama Haykanush

Kijiwe chetu ni benchi moja lililolegea, nyuma ya soko la vitu vya zamani la Vernissage hapa Yerevan, pembeni ya jiko la gesi la Smbat na kibirika chake cha shaba cha kahawa. Smbat tunamwita Kamati, maana hajawahi kukubali jambo siku hiyohiyo. Rafik ni Setilaiti, mawazo yake hayatui chini. Yeye ndiye hutusomea bahati kwenye mashapo ya kahawa, na tunajifanya hatumwamini. Mimi nauza vijiko. Jumamosi moja Gegham fundi alikuja na saa ya mezani ya betri aliyoiunda, amenuna. Ina taa nne za kioo za enzi ya Wasovieti, zile zenye tarakimu za waya ndani zinazowaka rangi ya chungwa. Taa ni za marehemu mume wa Mama Haykanush, na mama mwenyewe alikuwa njiani kuja kuichukua. Kilichobaki ni vitufe.

— Vitatu, akasema Kamati. Cha kuchagua, cha kupandisha, cha kushusha. Mambo kwisha.

— Ndivyo nilivyoweka mara ya kwanza, akasema Gegham. Mama akabonyeza asichokijua, saa ikaanza kuhesabu kinyumenyume. Mama wa watu kaniletea huku analia, anadhani ameua taa za mumewe. Sitaki kuliona tena lile chozi.

— Basi kimoja, akadakia Setilaiti. Akigusa kidogo, saa. Akishikilia, dakika. Akishikilia sana, mwanga.

— Mikono yake inatetemeka, we mzee, nikamwambia. Atataka dakika, ajikute mwakani.

— Haya, tusiweke kitufe. Apige makofi.

— Jirani akipigilia msumari je?

— Basi isomwe kutoka angani. Mtambo unapita juu ya mlima Ararat, unachungulia meza ya mama. Ukiona anasinzia, unapunguza mwanga wenyewe.

— Na ukikuta hajala? akauliza Kamati.

— Unamwita jirani alete supu.

— Acha fiksi, Rafik. Jirani mwenyewe kahamia Moscow.

Tukacheka, isipokuwa Gegham. Mama Haykanush akatokea na mkoba wake mweusi. Tukampisha, Kamati akammiminia kikombe. Akazitazama taa za mumewe zinavyowaka, akazigusa kioo kwa ncha ya kidole.

— Gegham jan, mpendwa wangu, kitufe cha saa ya Vahe ni kipi?

— Cha nani, mama?

— Vahe wangu, aliyeko Los Angeles. Kila nikimpigia namwamsha. Jana tena nimemwamsha, akajifanya alikuwa macho. Namjua mwanangu akitoka usingizini.

Binti wa Kamati yuko Marseille, wanangu wawili wako hukohuko kwa Vahe, na hakuna aliyewahi kurudi kukaa. Vitufe vyote tulivyobuni, hakuna aliyekumbuka hicho, na mimi niliona aibu.

Gegham akaigeuza saa, akaonyesha ubavuni.

— Kitakaa hapa, mama. Kimoja tu, kikubwa kama kifungo cha koti. Ukikishikilia, unaona saa ya Vahe. Ukiachia, inarudi ya Yerevan. Mkono utetemeke utakavyo, hakiharibu kitu.

— Na kuirekebisha?

— Vya kurekebisha navificha chini, nitakuja mwenyewe. Wenzetu kule husogeza saa zao mara mbili kwa mwaka. Wakisogeza, nakuja, unanipikia kahawa.

— Na gata pia, akasema mama, maana hakuna mgeni aliyetoka kwake bila ule mkate mtamu.

Kamati akafungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza alikuwa amekubali siku hiyohiyo.

Mama akamaliza kahawa, akakifudikiza kikombe kwenye kisahani ili mashapo yachuruzike, akamsogezea Setilaiti asome. Kisha akamgeukia fundi.

— Na Vahe akirudi nyumbani, Gegham jan, kitufe hicho kitakuwa cha nini?

Gegham akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi. Kamati akatikisa kibirika. Hakikuwa na kitu. Setilaiti, ambaye hajawahi kuacha kikombe cha mtu bila kukisoma, alikitazama kile kikombe, na hakukifunua.