Kufuli Tatu za Mama Hyacinthe

Ninyi nyote mliokuja kutushika mkono, familia inawasomea maisha ya mama yetu Consolée Inamahoro, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Hyacinthe.

Marehemu alizaliwa Nyakabere tarehe 14 Machi 1968, binti wa Mzee Ngendakumana na Mama Sidonie, akaanza shule ya msingi hukohuko mwaka 1975, kisha sekondari Luberizi hadi mwaka 1984, alipotolewa darasani ili ada iwatoshe kaka zake, jambo ambalo hakulisahau wala hakulinyamazia.

Tarehe 22 Julai 1989 alifunga ndoa na Norbert, fundi wa mitumbwi, wakahamia hapa Kimanga, wakajaliwa Hyacinthe, Eliane na Patient, wakaishi kwa masikilizano mpaka Baba alipotutoka mwaka 2011. Marehemu aliuza mchele, na kwa kuwa sokoni aliona wanawake wakificha michubuko kwa kitambaa, kisha wakirudi kulekule kwa kukosa pa kwenda, tarehe 6 Aprili 2013 alianzisha na wenzake kikundi cha kuweka na kukopa, chenye kasha la kijani la mikopo ya biashara na kasha jekundu la shida, hilo jekundu likiwa na kufuli tatu, kila ufunguo ukishikwa na mama tofauti, marehemu akiwa mmoja wao, lisifunguliwe mpaka wote watatu wawepo. Wengi mlioketi hapa mlipata humo cherehani, kibanda, chumba cha kupanga, na wapo waume walioacha kunyanyua mkono walipoona mke sasa ana pa kwenda.

Tarehe 9 Februari 2016, mchana, mwanachama mwenzao Akimana alifika mdomo umepasuka, akaomba nauli na kodi ya chumba ili amkimbie mume wake, lakini Mama Charlotte, mwenye ufunguo wa tatu, alikuwa amekwenda Luberizi kufuata mchele, na marehemu akamjibu kwa maneno yaliyomtesa hadi mwisho, "Ngoja siku ya Mungu, bamama bote batakuwa hapa." Akimana aliitika, akarudi nyumbani, na siku hiyo ya Mungu, yaani Jumapili ya mkutano, ilipofika alikuwa ameshauawa na mume wake, ameshazikwa. Marehemu alikuwa na pesa za mchele kwenye pindo la kitenge siku ile, na mawe ya kuvunjia kufuli yalijaa uani, na hilo hakujisamehe kamwe.

Alizing'oa kufuli zote, kasha jekundu likakaa wazi barazani kwake, mwenye shida akichukua kwanza na kueleza baadaye, na tusifiche, mjanja mmoja aliwahi kulichota, lakini marehemu hakulifunga. Hata hivyo hakupumzika, kwani kila mkutano kigoda cha Akimana kilibaki kitupu mbele yake, na geti lilipolia, hata kwa upepo wa ziwa tu, alikatiza maneno na kuita, "Ingia, iko wazi!" Sisi watoto tuliliogopa lile geti.

Ugonjwa wa sukari ulimwanza mwaka 2021, akalazwa tarehe 3 Agosti 2024, na kila mlango wa wodi ulipofunguliwa alimkaribisha Akimana kwa jina, mpaka alipokata roho asubuhi ya tarehe 19 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kimanga, wauza mchele wenzake, na Mama Charlotte aliyemwosha kwa mikono yake. Kamati ya kikundi ilituomba juzi kufuli zile zirudishwe kwenye kasha kwa kuwa mlinzi wake hayupo, na hofu yenu tunaielewa, lakini yeye mwenyewe aliagiza ziende naye, na tumeshaziweka ndani ya jeneza, chini ya viganja vyake. Kuanzia leo kasha liko kwa Eliane, mtaa uleule.

Mama, pumzika sasa kwa amani, geti likilia tutaitika sisi.