Profesa Asiyetupa Udongo

Pa! Kofi lilitua juu ya karatasi, Fauzia akageuka. Basi lilikuwa limeacha Ukunda, na mzee wa kiti cha nyuma alikuwa ameshika nakala ya riwaya ya Fauzia, ile nusu ya kwanza aliyoisambaza. Nusu ya pili aliiacha bila kuimaliza, maana mhariri alimwambia hadithi ya mauaji ya chuo kikuu haina msomaji Kwale.

"Muuaji ni profesa!" mzee alinguruma. "Mwanafunzi wake azikwa, naye asitupe hata konzi moja ya udongo kaburini?"

"Baba, na mie nimeisoma," alidakia muuguzi aliyeketi kando yake. "Alikuwa na kidonda. Mkono ulifungwa bendeji."

"Na kidonda kakipata wapi? Kwa kufundisha?"

Basi zima likacheka. Fauzia alitamani kupiga vigelegele: watu wasiojuana wanamgombea maiti ambaye ni yeye aliyemuua kwa kalamu!

Msambweni basi likasimama. "Sikubali, baba!" muuguzi alisema akishuka. "Muuaji ni yule karani wa chuo."

Fauzia akainuka, kichwa juu. "Shikamoo, babu. Mwandishi ni mimi. Wallahi, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, nusu ya pili nitakutia mkononi mwenyewe."