Barua ya Onyo Iliyokaa Jalada Lisilo Lake

Baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi ya wachangia damu, mtunza kumbukumbu wetu, tunayemwita Bibi Mistari, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni. Nimeombwa mimi, karani wa masjala, niandike wasifu wake. Wangejua, wangemwomba mlinzi.

Alianza na kadi kwenye maboksi ya viatu. Kompyuta zilipokuja, sisi tulizifunika vitambaa kama vyombo vya wageni. Yeye akafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, akawa analituma kama mtoto wa kumzaa. Wachangiaji wote aliwaweka kwenye faili moja, kila mtu na fungu lake la mistari minne: jina, kundi la damu, simu, mtaa.

Miaka kumi na miwili iliyopita, Bibi akiwa likizo, mjuaji mmoja aliamua kulipanga faili hilo kialfabeti. Alikwisha kuichungulia amri ya kupanga begani kwa Bibi, akaiandika. Kompyuta ikapanga kila mstari peke yake. Simu zikakimbilia juu, makundi ya damu yakabanana katikati, majina ya watu elfu mbili yakabaki yatima. Mjuaji akahifadhi juu ya faili la zamani, akaenda kunywa chai.

Mjuaji huyo ni mimi.

Mkuu wa wakati huo alipouliza, nilikagua kamba za viatu vyangu. Bibi alijua nina onyo la mwisho na watoto wanne. Akasema, "Ni mimi, mkuu." Akaandikiwa barua ya onyo, na ukuu wa kitengo aliokwisha kuahidiwa akapewa mwingine.

Wiki saba aliliandika faili upya kutoka zile kadi za maboksi, moja moja. Kisha akatunga skripti, yaani mfuatano wa amri, inayoshona mistari ya kila mtu kuwa mmoja, inapanga, halafu inafumua. Akanifundisha: "Funga mzigo kwanza, kaka, ndipo uupange." Hakunisimanga hata siku moja. Heri angenisimanga.

Barua yake ya onyo imo kwenye jalada lake, na majalada nayapangusa vumbi mimi. Mficha uchi hazai: jana nimemwandikia mkuu wa sasa, barua hiyo ihamie jalada langu. Nimebakiza miezi minne nami nistaafu, nitaibeba.

Bibi, asante, na unisamehe. Kapumzike na wajukuu. Sote tunakuombea siku nyepesi, na jalada safi kama ulivyostahili.