Mtori wa Asubuhi

Herieth, mtafiti wa afya ya wanawake waliokoma hedhi, alikuwa kwenye Noah ya abiria ya kwenda Kirua, nyuma ya akina mama wawili wasiomjua.

"Wale watafiti wamenirudisha bila kunipima sukari," alilalamika mama Emilian. "Eti nimekula! Nimekunywa mtori tu."

"Mtori wenye ndizi na nyama si chakula?" mwenzake aliuliza.

"Siendi tena. Eti homoni ya kike ikipungua, sukari inaweza kupanda. Huu ni uzee tu!"

"Marehemu dada yako naye alisema uzee, mpaka akakatwa mguu."

Herieth, aliyeandika maelekezo ya kutokula kabla ya kipimo hicho bila kuutaja mtori, alitamani kuomba radhi, lakini aibu ikamzidi.

Gari likasimama.

"Alhamisi utanipitia twende nikapimwe?" mama Emilian aliuliza akishuka.

"Alfajiri. Na sufuria ya mtori nitaificha mwenyewe."